Duka la wali wa maziwa: kisa cha mteja aliyerudi Athens

Kisa hiki kinahusu duka dogo la vitindamlo vya maziwa katika mtaa wa makazi jijini Athens, Ugiriki, na mama mmoja aliyelipenda utotoni kisha akalirudia akiwa mtu mzima. Majina, mtaa na alama za kulitambulisha duka nimeziondoa, kama tulivyokubaliana na wenyewe. Mama huyo nitamwita Mama M. Mwenye duka ni Mzee K., na binti yake, ambaye ndiye anayeliendesha sasa, ni S. Nimesimuliwa na Mama M. kwa Kiswahili, lugha aliyoizungumza kabla ya kujua kuandika Kigiriki, na S. naye alinipa ruhusa ya kutumia yaliyomo kwenye daftari lake la jikoni. Ninafundisha watu wenye migahawa na maduka ya vitafunio, na nimekiandika kisa hiki kwa sababu kinagusa jambo linalowasumbua wengi: mteja wa zamani anaporudi na kusema chakula si kile cha zamani, umsikilize vipi?

Usuli

Maduka ya aina hii yalianza kama maduka ya maziwa. Kabla friji hazijaingia majumbani, mtu wa Athens alikwenda kwa muuza maziwa kuchukua maziwa ya asubuhi, siagi, mayai, na mtindi wa kondoo ulioganda katika vyungu vidogo vya udongo, wenye utando wa malai juu yake. Maziwa hayalali, kwa hiyo yaliyobaki yalipikwa. Hapo ndipo palipotoka rizogalo, wali uliochemshwa taratibu ndani ya maziwa na sukari, ukamiminwa vikombeni na kunyunyizwa mdalasini. Hapo pia ndipo penye galaktoboureko: trei ya manda nyembamba zilizopakwa siagi moja baada ya nyingine, katikati umewekwa mchanganyiko mzito wa maziwa, semolina, mayai na vanila, kisha kitu chote kinaokwa na kumwagiwa shira. Majira ya baridi walikaanga loukoumades, ambazo mtu wa Mombasa au Zanzibar akizionja atasema hizi ni kaimati, na hatakuwa amekosea sana, ila Wagiriki huzimiminia asali na mdalasini.

Kalenda ya duka ilifuata kalenda ya kanisa. Krismasi ilikuwa na biskuti za lozi zilizozikwa kwenye sukari ya unga na vile vikeki vya asali vya melomakarona, Mwaka Mpya ukaja na keki ya Mtakatifu Basil iliyofichwa sarafu, na Pasaka ikawa na tsoureki, mkate mtamu wa kusuka unaonukia mahlepi, kiungo cha viini vya kokwa za cheri, na mastiki, yaani utomvu wa miti ya kusini mwa kisiwa cha Chios. Na siku ya somo wa mtu, yaani sikukuu ya mtakatifu ambaye amepewa jina lake, wageni hawakuingia nyumbani kwake mikono mitupu. Walipitia dukani wakafungiwa boksi kwa utepe.

Mama M. alizaliwa katika familia ya Wagiriki waliolima kahawa karibu na Arusha. Walikuwepo Wagiriki wengi katika kahawa na mkonge tangu zama za Tanganyika, na wengi wao waliondoka katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la 1967. Familia yake ilikuwa miongoni mwao. Alifika Athens akiwa mtoto wa shule ya msingi, akavishwa sweta na kuingizwa katika darasa ambalo hakuelewa utani wake. Kila Jumapili baada ya ibada baba yake alimpeleka dukani. Walikaa kwenye meza ya marumaru, likaja sahani la galaktoboureko yenye joto au kikombe cha rizogalo, na daima glasi ya maji baridi pembeni. Baba wa Mzee K. ndiye aliyekuwa kaunta wakati huo. Mama M. anasema hapo ndipo mahali pa kwanza katika nchi ile alipopajua kuwa pake. Baadaye alisoma, akaolewa, akaishi nchi nyingine, na hatimaye akarudi kuishi Tanzania.

Miaka ya kubana

Ili kuelewa kilichotokea siku aliporudi, lazima kwanza tuone duka lilipitia nini yeye akiwa hayupo.

Tangu Ugiriki ilipoingia katika mpango wa mikopo na masharti mwaka 2010, mishahara na pensheni zilikatwa, na wateja wa duka hili wengi walikuwa wastaafu wa mtaani. Septemba 2011 kodi ya ongezeko la thamani kwenye huduma za mikahawa ilipanda kutoka asilimia 13 hadi 23. Mwishoni mwa Juni 2015 benki zilifungwa, na zilipokuwa bado zimefungwa mtu aliruhusiwa kutoa euro 60 tu kwa siku kwenye mashine. Mtu mwenye euro 60 za familia nzima hanunui boksi la vitamutamu.

Katika kipindi hicho S. alichukua usukani kutoka kwa baba yake na kufanya maamuzi manne, kila moja kwa wakati wake.

Kwanza aliacha maziwa ya kondoo kwenye rizogalo na kutumia ya ng'ombe mwaka mzima. Maziwa ya kondoo ni ghali, na viwanda vya jibini vinayagombania, kwa sababu feta kisheria lazima iwe na angalau asilimia 70 ya maziwa hayo. Tena hayapatikani sawasawa miezi yote: kondoo wa Ugiriki huzaa zaidi kati ya mwisho wa vuli na majira ya baridi, hukamuliwa mpaka mwanzo wa kiangazi, kisha hukauka. Pili, samli ya maziwa ya kondoo na mbuzi iliyokuwa ikipakwa kwenye manda aliichanganya na siagi ya ng'ombe. Tatu, akaanza kuoka galaktoboureko mara moja tu, alfajiri, badala ya mara mbili kwa siku kama zamani, kwa sababu ya umeme na kwa sababu mfanyakazi wa jioni aliachishwa. Nne, kwa kuwa trei sasa ilibidi ifike usiku, ilihamia kwenye kabati la kioo lenye ubaridi. Uamuzi huu wa nne ulikuwa wa usalama pia: vyakula vya mayai na maziwa haviachwi kwenye joto la chumba siku nzima.

Ukiuangalia kila uamuzi peke yake, sioni hata mmoja ambao ningemshauri asiufanye. Duka lilibaki wazi. Katika mtaa uleule maduka mengine yaliteremsha vyuma vyao na hayakuvipandisha tena.

Mama M. anarudi

Alirudi mwezi Septemba 2022, wakati bei ya umeme barani Ulaya ilikuwa imepanda vibaya. Alikuwa Athens kwa shughuli za familia. Alilikuta duka mahali palepale, na baadhi ya meza za marumaru bado zipo. Aliagiza vyote viwili, rizogalo na galaktoboureko, akaletewa na maji. Alikula, na alipomaliza alikwenda kaunta akamwambia S., kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba mapishi yamebadilishwa.

Mzee K. alikuwa amekaa pembeni na kuyasikia. Akajibu kwamba hakuna kilichobadilishwa, mapishi ni yale ya baba yake, kijiko kwa kijiko. Mama M. akasema yeye aliyala kwa mikono ya huyo baba. Sauti zikaanza kupanda.

Hapa ndipo S. alipofanya jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa kizima. Hakumtetea baba yake, na hakumwomba radhi mgeni. Alimkaribisha Mama M. aketi tena, akachukua daftari na kuanza kumuuliza. Mlikuja siku gani ya wiki? Saa ngapi? Ulikuwa umekula nini kabla? Sahani ilikuwa ya joto mkononi au baridi? Manda za juu zililia ulipozikata? Unaikumbuka zaidi miezi ya sweta au miezi ya jua? Kilichopotea ni harufu, ladha, au namna kilivyokaa mdomoni?

Majibu yalikuwa sahihi ajabu. Jumapili, kabla ya mchana. Hakuwa amekula kitu, kwa sababu familia yao ilifunga kabla ya kupokea komunyo. Sahani ilikuwa ya joto. Manda zililia. Rizogalo aliikumbuka zaidi siku za karibu na Pasaka, na ilikuwa na harufu ambayo hakujua kuieleza, akasema tu ilinukia zizi safi. Lakini alipoulizwa yeye mwenyewe anadhani sababu ni nini, alijibu kwamba wamepunguza sukari na kuacha mayai. Kumbe sukari na mayai ndivyo vitu viwili ambavyo duka halikuwa limevigusa kabisa.

Jaribio

S. aliamua asirekebishe kitu kwa neno la mtu mmoja, hata awe na mapenzi kiasi gani na duka. Alitaka kupima. Lakini Septemba hakukuwa na maziwa ya kondoo ya kutosha, kwa hiyo ilibidi kungoja. Na hata yalipopatikana, kulikuwa na Kwaresima: Waorthodoksi wanaofunga hawagusi maziwa, siagi wala mayai mpaka Pasaka, na wazee wa mtaa ndio hasa wanaofunga. Pasaka yao mwaka 2023 iliangukia tarehe 16 Aprili, basi jaribio likapangwa baada ya hapo, na Mama M. akapanga safari yake ya pili iangukie wakati huo.

Walioalikwa walikuwa majirani wa miaka mingi, vijana waliohamia mtaani karibuni, na Mama M. Rizogalo ilipikwa kwa aina mbili, maziwa ya kondoo na maziwa ya ng'ombe, wali uleule na sukari ileile. Galaktoboureko ilitengenezwa kwa samli ya zamani na kwa siagi ya mchanganyiko, na kila aina ikaletwa kwa hali mbili: iliyotoka tanurini muda mfupi uliopita, na iliyolala kwenye kabati la baridi. Vyombo vilitiwa alama chini, pasipoonekana. S. mwenyewe hakuhudumia, alimwachia mtu asiyejua kipi ni kipi.

Kwenye rizogalo wazee, na Mama M. pamoja nao, walichagua ya kondoo bila kusita. Vijana wengi waliiona nzito na yenye harufu kali, wakapenda ya ng'ombe. Kwenye galaktoboureko karibu wote, wazee kwa vijana, walichagua iliyotoka tanurini, iwe ya siagi gani. Sahani ambayo Mama M. aliisukuma mbele na kusema ndiyo hiyo hasa ilikuwa ya siagi ya mchanganyiko, ile ya miaka ya kubana. Mzee K. peke yake ndiye aliyeitofautisha samli na siagi ya mchanganyiko kwa pua, hakukosea hata sahani moja.

Matokeo

Duka lilirudisha uokaji wa mara mbili kwa siku, katika trei ndogo, asubuhi na saa za alasiri, na galaktoboureko inayouzwa kwa kuliwa hapohapo haipiti tena kwenye kabati la baridi. Siagi ya mchanganyiko ilibaki ndani, lakini manda za juu kabisa zinapakwa samli ya kondoo na mbuzi, kwa sababu hizo ndizo zinazokutana na pua kwanza. Wazo hilo lilikuwa la Mzee K.

Rizogalo ya maziwa ya kondoo inapikwa sasa kuanzia Januari mpaka maziwa yanapopungua, na inauzwa ghali kidogo kuliko ya ng'ombe. Zote mbili zimeandikwa wazi kaunta, kila moja na maziwa yake. Maziwa yakiisha, kibao kinaondolewa. Kwa maelezo ya S., kuna watu wanaopiga simu kuulizia kama msimu umeanza, jambo ambalo halikuwahi kutokea wakati rizogalo ilikuwa ile moja mwaka mzima.

Kuna yaliyoshindwa. Mama M. na wazee wengine waliomba pia urudishwe ule utamu wa utotoni uitwao ypovrychio, kijiko cha sukari nyeupe ya mastiki kinachotumbukizwa kwenye glasi ya maji baridi, mtoto akawa anakilamba kidogo kidogo. Duka liliutengeneza kwa mastiki halisi ya Chios, ambayo ni ghali. Watu walifurahi kuuona, wakaupiga picha, wakaagiza kahawa. Baada ya kiangazi kimoja uliondolewa. Pia walizungumzia aiskrimu ya kaimaki ya kuvutika kwa salepu, unga wa viazi vya maua ya okidi, lakini okidi za porini zinalindwa na biashara yake ina vikwazo vya kimataifa, kwa hiyo wazo likaishia mezani.

Kukawa na gharama nyingine ambayo haikuandikwa kwenye daftari. Mzee K. hakuingia jikoni kwa muda mrefu baada ya siku ile ya Septemba. Aliyaona mapishi ya baba yake yakihojiwa na mgeni, na binti yake akiandika. Alirudi wakati wa jaribio, alipoombwa aseme siagi ipi ni ipi.

Uchambuzi

Mama M. alikuwa sahihi kuhusu tukio na akakosea kuhusu sababu. Hili ndilo ninalotaka wenye maduka walishike. Mteja wa zamani ni shahidi mzuri sana wa kile alichokihisi: joto la sahani, mlio wa manda, harufu. Lakini hajawahi kusimama jikoni, na ukimuuliza kwa nini, atakupa jibu lililo karibu naye, ambalo mara nyingi ni sukari, au ubahili. Angeshika maneno yake kama yalivyo, S. angeongeza mayai na sukari, angetumia fedha, na sahani ingebaki ileile ya baridi. Angeyapuuza, asingejua kamwe kwamba tatizo lake kubwa lilikuwa kabati la kioo.

Na kwa nini kabati lilikuwa na nguvu kiasi hicho? Maelezo yapo jikoni. Manda inayolala juu ya mchanganyiko wenye maji hunyonya unyevu na kuwa laini kama karatasi iliyolowa. Wanga wa semolina ukipoa hukaza, na vivyo hivyo wanga wa wali, ambao punje zake huwa ngumu katikati. Siagi huganda, ikaacha utando mdomoni badala ya kuyeyuka. Harufu hupungua, kwa sababu kitu baridi hutoa mvuke kidogo. Hata shira ina kanuni yake: ya baridi humwagwa juu ya trei ya moto, au ya moto juu ya trei iliyopoa, ili manda za juu zisilowe. Kazi yote hiyo ya kulinda mlio wa manda inapotea usiku mmoja kwenye ubaridi. S. alikuwa akihuzunika miaka yote kuhusu siagi, akiamini ndipo alipoisaliti kazi ya babu yake, na kumbe siagi ilikuwa jambo dogo.

Maziwa ni suala jingine, hapo tofauti ni ya kweli kabisa. Maziwa ya kondoo yana mafuta takriban asilimia 6 hadi 7, ya ng'ombe yana kama 3.5 hadi 4, na protini pia ni nyingi zaidi, kwa hiyo wali huwa mzito bila kuongezwa wanga. Ile harufu ya zizi safi inatokana na aina ya mafuta yaliyomo. Daftari la zamani la babu liliandika tu “maziwa”, kwa sababu zama zake hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ya mnyama gani. Ndiyo maana Mzee K. aliweza kusema kwa moyo safi kwamba hakuna kilichobadilika. Kwenye karatasi ilikuwa kweli. Mapishi ya zamani yanaacha nje kila kitu ambacho kila mtu alikijua: mnyama, msimu, moto wa tanuri, muda kati ya tanuri na sahani. Haya ndiyo yanayopotea kwanza, na hakuna anayeona yakipotea.

Kuna sehemu ya utamu ule ambayo duka haliwezi kuirudisha, na S. alifanya vyema kutojaribu. Mtoto mwenye njaa ya tangu jana usiku, ametoka kusimama ibada nzima, mkono wake uko kwenye mkono wa baba: hapo hata wali wa kawaida unakuwa karamu. Alipomuuliza Mama M. alikuwa amekula nini kabla, alikuwa anatenganisha sehemu hiyo na sehemu ya jikoni. Ni swali ambalo nimelisikia kwa watu wachache sana wa kazi hii, na ninamheshimu kwa hilo.

Uamuzi wa kuwashirikisha majirani na vijana ndio uliolinda duka lisigeuzwe kuwa nyumba ya kumbukumbu. Mama M. huja mara chache. Anayelipa umeme wa tanuri ni yule anayepita Jumanne jioni kununua vipande viwili vya kupeleka nyumbani, na huyo hana kumbukumbu yoyote ya miaka ya sabini. Uokaji wa alasiri unamfaa yeye kuliko mtu mwingine, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipata trei ya tangu alfajiri. Ypovrychio ilishindwa kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya wanaokumbuka peke yao.

Ningependa jambo moja lingefanyika mapema zaidi. Mzee K. angehojiwa kabla ya mteja, kwa heshima ileile na kwa daftari lileile. Ujuzi wa pua yake ndio uliotoa suluhisho la manda za juu, na ungepatikana bila kumjeruhi kama ungeombwa siku ambayo hakuwa mtuhumiwa. Katika familia nyingi za kazi hii, kwetu na kwao, kijana hupokea funguo na deni, lakini hamketishi mzee akamuuliza kila trei ilifanywaje.

Daftari jipya la S. lina safu za mnyama, mwezi, saa ya kutoka tanurini na saa ya kuuzwa kwa kipande cha mwisho. Mkataba wa pango unakaribia kufanywa upya, katika mtaa ambao vyumba vingi vimegeuzwa kuwa vya watalii wa siku chache na kodi imepanda. Rekodi hizo za mauzo ya alasiri na ya msimu wa kondoo ndizo anazokwenda nazo kwenye mazungumzo na mwenye jengo, na Mzee K. ameomba aende naye.